Mtu Mwingine Aliyeligusa Gari

Shangazi zake bibi harusi walishuka mmoja baada ya mwingine, viatu mkononi, wakashika buti la gari la Obadiah Masese na kuanza kulisukuma mlimani. Bochaberi, mkewe Obadiah, naye alishuka. Alikuwa amevaa gauni jipya la kanisani, na tope la barabarani lilimrukia mpaka kiunoni. Magari mengine ya msafara wa arusi yaliwapita yakipiga honi. La mwisho lilikuwa la Okemwa, mwenyekiti wa madereva wa teksi wa Kebirigo. Okemwa alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani na kumwuliza Obadiah kama hao akina mama walikuwa wamekodishwa pamoja na gari. Walicheka wote, hata wale waliokuwa wakisukuma. Bochaberi aliinua macho akauona uso wa mumewe kwenye kioo. Obadiah hakuwa anacheka.

Lilikuwa gari la haibridi, lenye injini ndogo ya petroli na mota ya umeme inayoisaidia. Barabara ikiwa tambarare lilikwenda kimya kiasi kwamba kuku hawakuondoka njiani, na mafuta liliyanusa tu. Lakini Nyamira ni nchi ya milima. Likipakiwa watu wanne na mizigo yao, mota ilisaidia hadi katikati ya mlima kisha ikachoka, ikaiachia injini mzigo wote, na gari likabaki kupumua kama mtu mwenye pumu.

Jumatatu Okemwa alimweleza Obadiah, kwa upole mbele ya madereva wenzake, kwamba kwa sasa hatamwita kwenye misafara. Wenye arusi wamelalamika. Misiba nayo haingoji. Obadiah akasema ameelewa, akabaki stejini siku nzima akipangusa kioo ambacho kilikuwa safi tayari.

*

Fundi aliyesifiwa kwa magari ya haibridi mjini Kisii aliitwa Zubair. Alikuwa kijana wa ukoo wa Wanubi waliokaa mji ule tangu enzi za babu zao, na gereji yake ilikuwa upande wa Daraja Mbili, ua mmoja mpana wenye paa la mabati. Mkewe, Janat, aliuza vipuri kwenye chumba cha mbele.

Zubair aling'oa kiti cha nyuma, akamwonyesha Obadiah betri kubwa iliyolala chini yake. Alieleza kwamba nguvu ya mota yote inatoka pale. Baadhi ya vyumba vya betri vilikuwa vimekufa, na feni ya kuipoza ilikuwa imeziba kwa vumbi, nywele na maganda ya njugu. Angebadilisha vyumba vilivyokufa, angesafisha feni, kisha angeirekebisha kompyuta ya gari ili mota iingie mapema na ikae muda mrefu zaidi mlimani. Obadiah aliuliza kama hilo litatosha kuwafikia wenzake. Zubair akajibu kwamba litatosha kupanda bila kusukumwa.

"Na ukitaka nguvu zaidi ya hapo?" Obadiah akauliza.

"Kuna kikomo cha joto," Zubair alisema. "Betri ikifika hapo, gari lenyewe linapunguza nguvu na kuwasha taa ya manjano. Linajilinda. Hicho sikigusi."

"Lakini kinaweza kuondolewa?"

"Kinaweza. Ila atakayekiondoa, asimkalishe mtu kiti cha nyuma."

Kazi ilifanyika, na Obadiah alirudi Kebirigo akipanda mlima ule ule kwa mwendo mzuri. Alimpitia mkewe mlangoni mwa duka lake la pembejeo, akampakia, wakaenda mpaka darajani na kurudi kwa raha tu ya kupanda. Bochaberi alimwambia amepata fundi wa kweli. Okemwa alimkaribisha tena kwenye misafara, lakini akampanga wa mwisho. Magari ya mbele yaliwabeba maharusi na waheshimiwa wenye kofia. Gari la Obadiah lilibeba masufuria, na kila walipofika mlimani lilimeza vumbi la wenzake wote.

Alirudi kwa Zubair kuomba kidogo zaidi. Zubair akakataa. Obadiah hakumwambia mtu yeyote kwamba alikataliwa.

*

Ndipo Obadiah alipoanza kwenda Kisii bila abiria.

Mwanzoni Bochaberi hakujali. Baadaye akaona kwamba simu ya mumewe ililala kifudifudi mezani, na kwamba ikilia yeye hutoka kwenda kuzungumzia migombani. Akimwuliza alikuwa wapi, jibu lilikuwa moja: kwa Zubair, gari linaangaliwa. Alirudi na harufu ya plastiki iliyoungua kwenye shati. Bochaberi alilinusa shati lile kabla ya kulifua, akitafuta harufu nyingine chini ya ile ya plastiki. Hakuipata, na kutoipata hakukumtuliza. Mtu mwerevu, aliwaza, huificha harufu kwa harufu.

Siku moja alikuwa akichuma chai nyuma ya nyumba. Obadiah hakujua yupo, akapita ukingoni mwa shamba akiongea kwa simu. Bochaberi alisikia maneno machache tu: leo haiwezekani, kesho, na yeye asijue. Alisimama na majani mkononi mpaka sauti ikapotea.

Lavender, rafiki yake aliyeuza mitumba mjini Kisii, alikuja kununua mbegu za mboga akakaa kwenye gunia la mbolea. Alizunguka kwanza. Alisifu mvua, aliuliza habari za Ruth, binti wa Bochaberi aliyekuwa shule ya bweni. Kisha akasema kwamba yeye si mtu wa kuvunja nyumba za watu, lakini gari la Baba Ruth ameliona mtaa wa Mwembe, limeegeshwa mbele ya lango la kijani, na si mara moja.

"Kwa nani pale?" Bochaberi aliuliza.

"Mama Ruth, hapo usiniulize mimi. Mimi nimeona gari tu."

Bochaberi alipanga upya makopo ya dawa za mifugo kwenye rafu, ingawa yalikuwa yamepangika. Alikumbuka kwamba mumewe alikuwa amenunua mashati mawili mapya. Alikumbuka kicheko chake siku za karibuni, kilichokuwa cha haraka na cha mbali. Kila alichokumbuka kiliingia mahali pake kana kwamba kilikuwa kimengojewa.

Siku iliyofuata alifunga duka, akamwambia mama mkwe wake, Nyanchera, kwamba anakwenda kuleta dawa za kuku. Alipofika Kisii alianzia gerejini. Zubair alikuwa chini ya gari. Alitoka akijifuta mikono, akamsalimu kwa heshima, na kabla hajaulizwa akataka habari za Bwana Masese, kwa maana hawajaonana kitambo sasa. Janat alimletea kiti na chai. Bochaberi alikunywa akisema chai ni nzuri. Kwa hiyo ni kweli, aliwaza. Hata jina la fundi ni kisingizio.

Kutoka hapo alikwenda Mwembe, na lango la kijani lilikuwa wazi. Gari la mumewe lilikuwa uani, milango yote minne imefunguliwa. Obadiah alikuwa amechuchumaa pembeni, na ndani, kwenye kiti cha dereva, alikaa kijana mwembamba mwenye kompyuta magotini, waya umeunganishwa chini ya usukani. Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba hiyo suruali za kiume tupu.

"Nikiondoa hii," kijana alikuwa akisema, "itavuta mpaka ushangae. Na ile taa ya manjano haitakusumbua tena."

"Ondoa, Omwenga," Obadiah alisema.

Bochaberi aliegemea ukuta wa nje. Alitaka kucheka. Aliondoka bila kuonekana. Njiani alinunua samaki mkubwa kuliko waliyehitaji, na jioni alipompakulia mumewe alimwongezea kipande cha kichwa, ambacho kwa kawaida hugombaniwa. Obadiah alishangaa, akala. Bochaberi hakuuliza lolote. Angeuliza vipi bila kusema kwamba alimfuata? Na hilo la waya na taa lilikuwa mambo ya wanaume na magari yao. Sabato ile aliimba kanisani kwa sauti ambayo waumini wenzake walikuwa hawajaisikia kwa muda mrefu.

*

Gari lilivuta. Katika msafara uliofuata Obadiah aliwapita wenzake wote mlimani, na Okemwa wa mwisho, huku akimpungia mkono. Watu walianza kumwita yeye kwanza. Stejini walimwuliza amefanya nini. Akajibu kwamba Zubair ni fundi, basi. Kulitaja jina la Zubair kulimgharimu kitu gani? Lilikuwa jina linalojulikana, na la Omwenga halikujulikana na mtu.

Kisha ikaja siku ya kumtoa Nyanchera kliniki ya macho mjini Kisii. Kikongwe alikaa nyuma, na pembeni yake wakaweka gunia la mahindi, limelalia ile nafasi feni inapovutia hewa. Bochaberi alikaa mbele. Jua lilikuwa kali, na Obadiah alikuwa na furaha. Alilipita lori la chai, akalipita gari la mbao. Kwenye mlima mrefu alikanyaga, na gari likaitika.

Nyanchera ndiye aliyenusa kwanza. Alisema kuna kitu kinaungua. Obadiah alitazama mbele yake. Hakuna taa iliyowaka. Akasema ni breki za lori walilopita. Walipofika karibu na kilele, moshi mweupe ulipanda kutoka nyuma ya kiti, mwingi, mchungu, ukafunika vioo. Bochaberi alipiga kelele kwamba asimame. Obadiah alikuwa bado anatafuta mahali pa kusimama wakati Nyanchera alipofungua mlango na kujitupa nje. Aliangukia mtaro wa zege.

Vijana waliokuwa wakipalilia chai walikimbia na majembe, wakalimwagia gari udongo mpaka moshi ukaisha. Kiti cha nyuma kilibaki majivu na springi za chuma. Nyanchera alikuwa amevunjika mkono wa kulia juu ya kiwiko. Hakulia. Alimtazama mwanawe na kumwuliza kama mahindi yamepona.

*

Pale hospitalini, kwenye korido, ndugu na majirani walipokuwa wamekusanyika, mtu aliuliza imekuwaje.

"Zubair ameniwekea betri mbovu," Obadiah alisema.

Bochaberi alikuwa amekaa kwenye benchi na kitambaa cha mama mkwe mikononi. Aligeuka akamtazama mumewe. Alidhani ataongeza neno. Hakuongeza.

Jambo hilo, likishasemwa, liliota miguu. Obadiah alilisema mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa hasira, na kufikia mwisho wa wiki alilisema kama mtu anayeamini. Wengi walimsaidia kuamini. Okemwa, aliyekuwa hamsalimu tangu apitwe mlimani, sasa alikuja nyumbani kila asubuhi. Alisema mafundi wa mjini hutoa vyumba vizuri vya betri wakaweka vya takataka. Alisema watu wa Daraja Mbili wanajuana wenyewe kwa wenyewe, na ukilala wanakula. Picha ya kiti kilichoungua ilitumwa kwenye kundi la simu la madereva, na chini yake jina la Zubair. Kutoka hapo ilizunguka Kisii nzima.

Wateja walikuja gerejini kuchukua magari yao, mengine yakiwa yamefunguliwa nusu. Wengine waliyavuta kwa kamba badala ya kungoja yafungwe. Mwenye uwanja wa gereji alimwambia Zubair afunge lango kwanza mpaka lisikilizwe shauri ambalo Obadiah alikuwa amelipeleka kwa naibu wa chifu. Zubair alijaribu kumpigia Obadiah. Simu haikupokelewa.

Janat alikuja Kebirigo peke yake, siku ya soko. Aliwangoja wanunuzi wengine watoke, kisha akasogea kwenye kaunta. Alimpa Bochaberi pole ya mama, akauliza mkono unaendeleaje. Bochaberi alisema unaendelea vizuri, akamshukuru. Hakumletea kiti.

"Dada, sikuja kubishana," Janat alisema. "Nimekuja na swali moja. Mume wangu anasema gari lile lilikuwa na kikomo, na kwamba moshi usingetoka kabla taa haijawaka. Taa iliwaka?"

"Sikuona."

"Basi kuna mtu aliizima. Nani mwingine aliligusa gari?"

Nje mtu alikuwa akipigia debe vitunguu. Bochaberi aliokota kijikaratasi cha mbegu kilichoanguka, akakikunja mara nyingi mpaka kisikunjike tena.

"Sijui," alisema.

Janat alimtazama kwa muda. Alikuwa mwanamke anayeuza vipuri, aliyezoea kuwasikiliza watu wakisema kifaa kimeharibika chenyewe. Hakusema kwamba hamwamini. Alifunga vizuri mtandio wake.

"Siku ile ulipokuja gerejini," alisema, "ulikuwa unamtafuta. Niliona. Sikumwambia mume wangu, kwa sababu nilijua ni nini. Mimi pia ni mke." Kisha akaaga.

*

Asubuhi iliyofuata, Bochaberi na Obadiah walikuwa shambani wakichuma chai, kila mmoja kwenye mstari wake, vikapu mgongoni. Ukungu ulikuwa haujainuka. Bochaberi alichuma mpaka walipofika sambamba, akamwuliza, bila kusimamisha mikono, kama baada ya Zubair kuna mtu mwingine aliyelifungua gari.

Obadiah alimgeukia. Alimtazama machoni, uso umetulia kabisa.

"Hakuna," alisema. "Ungekuwa unajua, Mama Ruth."

Akaendelea kuchuma. Bochaberi alibaki amesimama. Uongo wenyewe aliutarajia. Kilichomwumiza ni wepesi wake, na macho yale yaliyotulia. Ni macho yale yale aliyokuwa akiyaamini miaka yote. Alianza kuhesabu upya maneno mengine aliyowahi kuambiwa na macho hayo. Ile safari ya Nyamarambe, alikokwenda kwa matanga akarudi baada ya siku nyingi. Yale mashati mawili. Hata siku ya lango la kijani, nani alijua baada ya Omwenga alipitia wapi? Furaha aliyoibeba kutoka Mwembe, pamoja na samaki wake, ilimtoka pale pale kati ya mistari ya chai.

*

Shauri lilisikilizwa kwenye ofisi ya naibu wa chifu, chumba chenye mabenchi na dirisha moja. Obadiah alikaa mbele, Okemwa kando yake kama wakili. Nyanchera aliletwa, mkono wake ndani ya plasta nyeupe, ili uonekane. Zubair alikaa upande wa pili na Janat. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, safi, na bado mafuta ya gari yalionekana kwenye kucha.

Okemwa ndiye aliyeongea kwanza na kwa muda mrefu. Alitaka Zubair alipe gari na alipe mkono. Zubair alipopewa nafasi alisema maneno machache. Alichokiweka anakijua. Kompyuta ya gari haijaungua, na ikisomwa mbele ya watu itaonyesha kama kikomo bado kipo. Okemwa akacheka, akauliza tangu lini mshtakiwa akawa ndiye msomaji wa ushahidi. Wazee waliokaa na naibu wakaitikia kwa vichwa.

Naibu wa chifu alimgeukia Obadiah. "Masese, niambie tu. Baada ya huyu fundi, kuna mtu mwingine aliligusa gari lako?"

"Hakuna, mzee."

Bochaberi alikuwa kwenye benchi la nyuma pamoja na wanawake. Alipanga kunyamaza. Usiku kucha alikuwa amejiambia kwamba mke hamwangushi mumewe mbele ya watu, na kwamba Wanubi wana ndugu zao watakaowasaidia. Lakini alimwona Janat. Janat hakuwa anamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, akingoja, kama mtu anayejua kwamba neno lipo chumbani na kwamba yeye hawezi kulitoa.

Bochaberi alisimama.

"Mimi nilimwona mwingine," alisema. "Anaitwa Omwenga, anakaa Mwembe. Alikuwa na kompyuta ndani ya gari. Alisema akiondoa hicho kitu, taa ya manjano haitawaka tena. Baba Ruth akamwambia aondoe."

Obadiah aligeuka polepole kwenye benchi.

"Ulikuwa unanifuata?" aliuliza.

Mtu mmoja dirishani alicheka, akanyamazishwa. Naibu wa chifu alimwuliza Bochaberi kama ana hakika, naye akasema anayo. Ndipo Okemwa, aliyekuwa amekosa pa kushika, akamrukia yeye. Alitaka kujua kwa nini mwanamke aliyeona yote hayo ameyaficha mpaka leo, fundi wa watu akiwa amefungiwa kazi.

Bochaberi alihisi macho ya kanisa zima, soko zima, yakiwa pale ndani. Angeweza kusema alisahau.

"Nilidhani ana mwanamke," alisema. "Ndiyo nikamfuata. Nilipoona ni fundi tu, nilifurahi. Nilifurahi nikanyamaza, na sikutaka ajue nimemfuata. Mengine sikuyafikiria."

Akakaa. Obadiah alikuwa ametazama sakafu. Naibu wa chifu alisafisha koo, akamwuliza kama maneno ya mkewe ni ya kweli. Alijaribu kuinua macho yale yaliyotulia, na safari hii hayakuinuka.

"Ni kweli," alisema.

Okemwa alisogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi kati yao.

Zubair hakudai malipo. Alitaka Obadiah aseme ukweli mahali pale pale alipousema uongo: kwenye kundi la madereva, kwa sauti yake mwenyewe, na mbele ya mwenye uwanja wa gereji. Kisha yeye na mkewe wakaondoka. Mlangoni Janat alipita karibu na Bochaberi. Alimgusa bega, mguso mfupi usio na upole mwingi, akaenda zake.

Nyumbani, Nyanchera alisubiri mpaka mwanawe alipotoka. Alikuwa amekaa jikoni, plasta imelala juu ya paja.

"Mokamwana," alimwita. Ndivyo alivyomwita tangu siku alipoolewa, mke wa mwana. "Ungesema siku ile ulipoona, mkono wangu ungekuwa mzima."

"Ndiyo, Mama," Bochaberi alisema.

Tangu siku hiyo kikongwe alikataa kulishwa naye. Alijitahidi kwa mkono wa kushoto, uji ukimmwagikia kifuani, na Bochaberi akasimama kando na kijiko asichopewa nafasi ya kukitumia.

*

Obadiah alirekodi ujumbe wa sauti chumbani, mlango umefungwa. Bochaberi alimsikia kupitia ukutani. Alianza kwa kueleza habari za milima, na misafara, na jinsi mtu anavyodharauliwa. Akaufuta. Akaanza tena na kumtaja Omwenga kama kijana mhuni aliyemdanganya. Akaufuta huo pia. Wa mwisho ulikuwa mfupi. Alisema jina lake, akasema Zubair hakukosea, akasema mimi ndiye niliyeondoa kikomo cha joto, nikamkalisha mama yangu juu ya betri. Kisha akaondoka kwenda Kisii kwa miguu mpaka barabara kuu, kwa maana gari lilikuwa bado limefunikwa turubai nyuma ya nyumba.

Alirudi alasiri, akakaa kwenye kigogo mlangoni mwa jiko. Bochaberi alikuwa akimenya ndizi. Obadiah alisema mwenye uwanja amefungua lango. Alisema wateja wawili walikuwepo na wakasikia, na wengine bado hawajarudi na huenda wasirudi. Zubair alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba amesikia, na kwamba gari alipeleke kwa fundi mwingine.

"Ulimwambia pole?" Bochaberi aliuliza.

"Nilimwambia." Alichukua ndizi moja, akaanza kuimenya vibaya. "Mama Ruth. Siku ile, kama ungekuta ni mwanamke, ungesema?"

"Ningesema hapo hapo langoni."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Obadiah alitikisa kichwa taratibu. "Basi mama angekuwa na mikono miwili," alisema.

Bochaberi hakutaka kuibeba peke yake lawama iliyokuwa yao wote wawili. Alimnyang'anya ile ndizi aliyokuwa akiiharibu, akaimaliza yeye.

Kutoka ndani ya nyumba walisikia Nyanchera akisogeza kiti. Kesho ilikuwa Sabato, na alikuwa akijaribu kitambaa chake cha kichwa, kile cha buluu cha akina mama wa kanisa. Kukifunga kunataka mikono miwili. Walimsikia akijaribu, kitambaa kikaanguka. Akajaribu tena. Obadiah alianza kuinuka, na mama yake akasema kutoka kule kule ndani kwamba hamwiti yeye.

Bochaberi alinawa utomvu wa ndizi mikononi, akaingia. Kikongwe alikuwa ameketi amempa mgongo, kitambaa magotini. Hakugeuka. Alikinyanyua kwa mkono wa kushoto juu ya bega lake, akakishikilia hapo mpaka kikapokelewa.

"Usikaze sana," alisema.